Mpiga kura na vyombo vinavyovuka mipaka ya nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni vyombo gani hasa vinavyozungumziwa hapa?

Vile ambavyo uamuzi wake unakufunga hata kama bunge la nchi yako halikuupigia kura. Umoja wa Ulaya ndio umefika mbali zaidi: kanuni zake zikishapita zinatumika moja kwa moja katika nchi 27, na zikigongana na sheria ya nchi, za Umoja ndizo zinazoshika. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye nchi 8, imeandika jambo hilohilo katika ibara ya 8 ya Mkataba wake: katika mambo ya kutekeleza Mkataba, sheria ya Jumuiya iko juu ya sheria ya nchi. Umoja wa Mataifa kwa sehemu kubwa ni kikao cha serikali tu, ila Baraza lake la Usalama linaweza kupitisha azimio linalomfunga kila mwanachama. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) halitungi sheria ya mtu, lakini nchi iliyokwama kifedha hupitisha sheria ili mkopo utoke, na kwa anayelipa kodi tofauti hiyo ni ndogo.

Mimi sikumchagua yeyote kati yao. Wamepata wapi haki ya kuniamulia?

Jibu rasmi ni mnyororo. Ulichagua mbunge, wabunge au rais wakaunda serikali, serikali ikamteua waziri, waziri akaketi katika baraza la mawaziri la jumuiya, baraza likaamua. Katika vyombo vingi kuna pete moja zaidi, ya makatibu wakuu na wataalamu waliokubaliana kila kitu kabla waziri hajapanda ndege.

Mnyororo huo ni halali. Shida ni kwamba kila pete inapunguza nguvu ya kura yako. Uchaguzi wa nyumbani huamuliwa na ajira, bei, ukabila, chama, na sura ya mgombea. Ni nadra sana serikali kuanguka kwa sababu ya alichokubali waziri wa biashara katika kikao cha jumuiya miaka mitatu nyuma. Mawaziri wanalijua hilo. Hatua isiyopendwa hupitishwa nje kimyakimya, kisha waziri anarudi nyumbani na kusema, "Tumeagizwa." Ukisikia kauli hiyo, uliza swali moja tu: kikao kilichoagiza, nchi yetu iliketi humo? Karibu kila mara iliketi.

Bunge la Ulaya linachaguliwa na wananchi wenyewe. Basi lawama zinatoka wapi?

Ni kweli linachaguliwa moja kwa moja tangu 1979, kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa Juni 2024 ulijaza viti 720. Lina meno: sheria nyingi za Umoja hazipiti bila lenyewe, wala bajeti. Hata hivyo kuna mambo manne yanayolipunguzia uzito mbele ya mpiga kura.

La kwanza, haliwezi kuanzisha muswada. Haki hiyo ni ya Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja. Bunge linaweza kuiomba Tume ilete pendekezo, na Tume inaweza kukataa mradi itoe sababu. Kwa hiyo mgombea anayekuahidi kwamba akifika Brussels "ataleta sheria" anakuahidi kitu ambacho kiti chake hakina.

La pili, kampeni zake si za Ulaya. Kila nchi ina vyama vyake na orodha zake, na watu wengi huutumia uchaguzi huo kuiadhibu serikali ya nyumbani. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 62 mwaka 1979, wakashuka hadi chini kidogo ya 43 mwaka 2014, kisha wakapanda hadi karibu 51 mwaka 2019 na 2024.

La tatu ni vikao vya pande tatu: Bunge, Baraza la Mawaziri na Tume. Sheria nyingi leo hukubaliwa humo, chumbani, na wajumbe wachache, kabla Bunge zima halijapiga kura hata mara moja. Nyaraka ya kazi huwa na safu nne: msimamo wa Tume, wa Bunge, wa Baraza, na ya nne ni maelewano yanayojazwa kadiri mazungumzo yanavyokwenda. Safu ya nne ndiyo yenye siri zote. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Bunge haliwezi kuinyima umma safu hiyo kwa kisingizio cha jumla tu kwamba mazungumzo bado yanaendelea. Kwa mazoea bado haiwekwi hadharani yenyewe. Lazima mtu aiombe.

La nne, kura hazilingani. Malta ina viti 6 kwa watu wanaozidi nusu milioni kidogo. Ujerumani ina 96 kwa watu takriban milioni 84. Mbunge mmoja wa Malta anasimamia watu chini ya laki moja, wa Ujerumani zaidi ya laki nane. Mgao huo ni wa makusudi, ili nchi ndogo zisimezwe. Ukiukubali, kubali pia gharama yake.

Je, kura yangu ya Ulaya inamchagua rais wa Tume?

Si moja kwa moja. Viongozi wa nchi humpendekeza mtu mmoja, wakizingatia matokeo ya uchaguzi, kisha Bunge humpigia kura na anahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote. Mwaka 2014 vyama vilijaribu utaratibu wa kutangaza mgombea kabla ya uchaguzi, na ukafanya kazi. Mwaka 2019 chama kilichoongoza kilikuwa kimemtangaza Manfred Weber. Viongozi wakamweka kando na kumleta Ursula von der Leyen, ambaye hakuwa mgombea mkuu wa chama chochote. Alipita kwa kura 383, tisa tu juu ya kiwango. Mkataba wa Umoja haukuvunjwa hata kidogo, na hapo ndipo penye tatizo: ahadi ile ilisimama juu ya mazoea, bila kifungu.

Na kuiondoa Tume, inawezekana?

Inawezekana, kwa theluthi mbili ya kura zilizopigwa ambazo pia ni zaidi ya nusu ya wabunge wote. Haijawahi kufikiwa. Tume ya Jacques Santer ilijiuzulu yote Machi 1999, baada ya ripoti ya wataalamu huru kuhusu upendeleo na usimamizi mbovu, kwa sababu ilijua kura inakuja. Julai 2025 hoja dhidi ya Tume ya von der Leyen iliungwa mkono na wabunge 175 na kukataliwa na 360. Bunge haliwezi kumng'oa kamishna mmoja mmoja. Ni wote au hakuna, na ukubwa wa adhabu hiyo ndio unaofanya isitumike.

Bunge la Afrika Mashariki nalo likoje?

Wananchi hawalichagui. Kila bunge la nchi mwanachama huchagua watu tisa ambao si wabunge wake, na Mkataba unataka, kadiri inavyowezekana, wawakilishe vyama, maoni mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Burundi ina tisa, Tanzania tisa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tisa. Mbunge wa Bunge hilo, lenye makao Arusha, hana jimbo. Anayeamua kama atarudi ni chama chake na bunge la nchi yake, kwa hiyo hao ndio anaowasikiliza.

Wanaweza kutunga sheria, na tofauti na wenzao wa Ulaya, mbunge mmoja anaweza kuleta muswada binafsi, mradi usigharimu fedha za Jumuiya. Mlango wa mwisho lakini uko kwa Wakuu wa Nchi. Muswada unahitaji ridhaa yao wote. Mmoja akikataa unarudishwa. Ukipelekwa tena na akakataa tena, umekufa. Mkutano wao nao huamua kwa maafikiano, hivyo kutofika au kutojibu kwa mmoja kunatosha kusimamisha mambo, na hakuna anayelazimika kueleza kwa nini.

Udhaifu mwingine ni ratiba. Bunge la nne lilipaswa kuanza Juni 2017 lakini likaanza Desemba, kwa kuwa Kenya ilikuwa haijachagua watu wake. Nchi moja ikichelewa, wote wanangoja.

Kuna mwananchi aliyewahi kupinga namna wabunge hao walivyopatikana?

Ndiyo, na kesi hiyo inastahili kusomwa na kila anayependa somo hili. Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina tisa yaliyotoka kwenye vyama na kupitia kamati ya shughuli za bunge, bila bunge kupiga kura. Mwanasiasa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Novemba mahakama ikazuia tisa hao wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba kilichofanyika hakikuwa uchaguzi kwa maana ya Mkataba.

Serikali hazikungoja hukumu. Desemba 2006 viongozi walikuwa wamekwisha kusaini marekebisho ya Mkataba: wakaongeza kitengo cha rufaa, wakapanua sababu za kumwondoa jaji, na wakaweka ukomo wa miezi miwili kwa mtu binafsi kufungua shauri. Mwaka 2008 mahakama hiyohiyo ilisema kutowashirikisha wananchi katika marekebisho hayo kulikiuka Mkataba, ila haikuyafuta. Ule ukomo wa miezi miwili ungalipo.

Kwa hiyo mtu wa kawaida anaweza kushtaki?

Katika Afrika Mashariki, ndiyo, kwa njia iliyo wazi kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 30 inampa haki hiyo mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama, pamoja na taasisi. Huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Huhitaji kuthibitisha kwamba wewe ndiwe uliyeumizwa. Unahitaji kuonyesha sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi au cha taasisi ya Jumuiya kinachokiuka Mkataba. Makao ya mahakama yapo Arusha, na kuna masijala ndogo katika nchi wanachama. Mfano uliofanikiwa ni wa barabara ya Serengeti: asasi ya kutetea wanyama ilifungua shauri, na Juni 2014 mahakama ikaizuia Tanzania kujenga barabara ya lami katikati ya hifadhi.

Kinachoharibu mashauri mengi ni kalenda. Miezi miwili inahesabiwa tangu kitendo kilipofanyika au ulipokijua. Mtu anaanza na malalamiko kwa wizara, anangoja jibu, anajaribu mahakama ya nchi, na anapogeukia Arusha mwaka umepita. Kusema kwamba ukiukaji "bado unaendelea" hakusaidii: mwaka 2012 kitengo cha rufaa kiliitupa kesi kuhusu madai ya mateso ya Mlima Elgon, Kenya, kwa sababu ya muda. Ushauri wa kazi ni huu: fungua shauri ndani ya miezi hiyo miwili hata kama mazungumzo ya nyumbani yanaendelea, na uandike tarehe uliyopata taarifa pamoja na ushahidi wake.

Kwingineko milango inafungwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inapokea mtu binafsi pale tu nchi yake ilipoweka tamko maalumu la kuruhusu. Rwanda iliondoa tamko lake mwaka 2016, Tanzania 2019, Benin na Ivory Coast 2020. Mahakama hiyo nayo inakaa Arusha, yaani ndani ya nchi ambayo wananchi wake hawawezi tena kuipelekea shauri moja kwa moja. Kusini mambo yalikwenda mbali zaidi: Mahakama ya SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, iliamua mwaka 2008 kwa faida ya wakulima walionyang'anywa ardhi Zimbabwe, mwaka 2010 viongozi wakaisimamisha, kisha wakaandika itifaki mpya inayoruhusu mashauri ya nchi kwa nchi tu. Desemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaamua kwamba rais wa nchi hiyo alivunja katiba kwa kushiriki katika hilo. Uwajibikaji ukapatikana, lakini ulitoka kwenye mahakama ya nchi.

Bunge la Afrika je?

Ni bunge la Umoja wa Afrika, na liko Midrand, Afrika Kusini, tangu 2004. Kila nchi hupeleka watu watano kutoka bunge lake. Linashauri tu. Itifaki ya Malabo ya 2014 ingelipa mamlaka kidogo ya kutunga sheria, lakini nchi zilizoiridhia hazijatosha.

Nitajuaje waziri wangu alisema nini katika kikao?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote katika ukurasa huu, na ndilo lisiloulizwa.

Baraza la Mawaziri la Umoja wa Ulaya hupiga kura za sheria hadharani, na kura za mwisho huchapishwa. Kiwango cha kawaida ni asilimia 55 ya nchi, yaani 15 kati ya 27, zenye asilimia 65 ya watu. Lakini kura ya mwisho ni kivuli. Hoja hutengenezwa katika kamati za maofisa zaidi ya 150, ambazo hazifunguliwi kwa umma. Mwaka 2018 Mchunguzi wa Malalamiko wa Ulaya alisema wazi kwamba Baraza halinukuu ipasavyo nchi ipi ilisema nini katika kamati hizo, na kwamba huo ni usimamizi mbovu. Bila jina la nchi kwenye muhtasari huwezi kumhoji waziri. Atasema alipigana, na huna cha kumjibu.

Denmark imepata dawa inayofanya kazi. Kabla ya kikao, waziri hufika mbele ya kamati ya bunge inayoshughulikia mambo ya Ulaya, anaeleza msimamo atakaouchukua, na mwenyekiti anahesabu viti vya vyama: kama hakuna wingi wa kupinga, waziri ana idhini ya kwenda. Akitaka kubadili msimamo katikati ya mazungumzo, anarudi kuomba upya. Ni utaratibu wa kamati moja, haukuhitaji kubadili mkataba wowote, na bunge lolote duniani linaweza kuuiga wiki ijayo. Mengi hungoja mkataba ufike kwa ajili ya kuridhiwa, wakati hakuna nukta inayoweza kuguswa tena: ni ndiyo au hapana, na kusema hapana kunaonekana ni kuiaibisha nchi.

Nikitaka kumbana mbunge wangu, nifanye lini na niulize nini?

Kabla ya kikao, siyo baada. Tafuta ajenda, mara nyingi hutolewa siku chache tu kabla. Kisha uliza mambo matatu kwa maandishi: nchi itachukua msimamo gani katika kipengele fulani (kitaje kwa namba), nani aliuandaa, na kamati ya bunge iliuona lini. Swali la jumla kama "mnatuwakilishaje?" huleta jibu la jumla. Jibu la "hatujauona" nalo ni jibu, lihifadhi.

Katika Umoja wa Ulaya mabunge ya nchi yana wiki nane tangu pendekezo litolewe kulipinga kwa hoja kwamba jambo hilo lingefaa kuachiwa nchi. Kila nchi ina kura mbili, na theluthi moja ikifikiwa Tume lazima ipitie upya pendekezo lake. Imefikiwa mara tatu: 2012, 2013 na 2016. Mara ya kwanza Tume iliondoa pendekezo, mara mbili zilizofuata iliendelea nalo. Kwa nyaraka, omba kwa kutumia kanuni 1049 ya 2001: taasisi ina siku 15 za kazi kujibu, ukikataliwa unaomba mapitio, nao wana siku 15 nyingine. Wengi huishia kwenye barua ya kwanza ya kukataliwa, ilhali bila ombi la pili huwezi kwenda mahakamani.

Saini milioni moja zinabadilisha kitu?

Mpango wa Raia wa Ulaya, ulioanza 2012, unahitaji waandaaji saba wanaoishi katika nchi saba, saini milioni moja ndani ya miezi 12, na kiwango cha chini kwa kila nchi katika angalau nchi saba. Kwa Malta ni zaidi kidogo ya 4,000. Kusanya ziada ya kutosha, maana wakaguzi hutupa zenye kasoro. Ukifika, Tume inakusikiliza, Bunge linaandaa kikao, na Tume inatoa jibu la maandishi. Hailazimiki kuleta sheria. Mahakama ya juu ya Umoja ilithibitisha hivyo mwaka 2019. Mpango wa kwanza kufanikiwa ulidai haki ya maji, na sheria ya maji ya kunywa ya 2020 ina alama zake. Huo ni mwendo wa miaka minane.

Na IMF na Benki ya Dunia?

Huko kura hufuata fedha. Marekani ina zaidi kidogo ya asilimia 16 ya kura za IMF, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85, kwa hiyo peke yake inaweza kuyazuia. Bodi ina wakurugenzi 25. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zina viti vitatu tangu Novemba 2024, badala ya viwili. Mkuu wa IMF kwa desturi ni Mzungu wa Ulaya na wa Benki ya Dunia ni Mmarekani, bila kifungu kinachosema hivyo.

Kwa mpiga kura wa nchi inayokopa, nyaraka ya kutafuta ni barua ya kusudio, ambamo serikali inaiahidi IMF hatua itakazochukua. Huisaini waziri wa fedha na gavana wa benki kuu, na kwa kawaida huchapishwa. Nenda moja kwa moja kwenye majedwali ya mwisho: yanaorodhesha hatua na tarehe, zikiwemo zile za kutimizwa kabla bodi haijakutana. Ukiona "kuwasilisha muswada bungeni ifikapo" tarehe fulani, umeona sheria ambayo wabunge wako hawajaisoma bado. Kwa miradi ya Benki ya Dunia inayoathiri makazi au mazingira kuna Jopo la Ukaguzi, lililoundwa 1993: watu wawili au zaidi wanaoathirika wanaweza kulalamika, wakionyesha kwamba walikwisha kuiambia menejimenti na haikurekebisha.

Benki kuu ya Ulaya haichaguliwi wala kuagizwa na mtu. Hilo nalo ni kosa?

Si lazima. Ilitengwa kwa makusudi ili riba isipangwe kwa kufuata kalenda ya uchaguzi, na rais wake huhojiwa na kamati ya Bunge la Ulaya kila robo mwaka. Hoja hiyo inasimama maadamu kazi ni finyu na kipimo kinajulikana. Ilianza kulegea wakati wa msukosuko wa madeni, benki hiyo ilipokaa pamoja na Tume na IMF kuipangia Ugiriki masharti ya matumizi na pensheni. Hayo ni mambo ya kisiasa hasa, na Mgiriki hakuwa na mtu wa kumwondoa.

Wananchi wakisema "hapana" katika kura ya maoni, inaheshimiwa?

Inategemea nchi na inategemea hapana ipi. Ufaransa na Uholanzi ziliikataa Katiba ya Ulaya mwaka 2005. Sehemu kubwa yake ikarudi ndani ya mkataba mwingine wa Umoja, Mkataba wa Lisbon, safari hii ikaridhiwa na mabunge. Ireland iliukataa Lisbon Juni 2008, ikapewa hakikisho kadhaa, ikapiga kura tena Oktoba 2009 na kukubali kwa asilimia 67. Wanaotetea wanasema mapatano yalibadilishwa kweli, na kwa Ireland wana hoja: ilihakikishiwa kubaki na kamishna wake. Kwa Ufaransa hoja hiyo ni dhaifu zaidi.

Nchi ikijitoa, si mpiga kura anarudishiwa nguvu yake yote?

Sehemu. Uingereza iliamua hivyo mwaka 2016 kwa asilimia 51.9 na kutoka Januari 2020, na bunge lake sasa linaamua lenyewe mambo mengi. Lakini anayetaka kuuza katika soko kubwa hufuata vipimo vya soko hilo. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, ila imo katika eneo lake la kiuchumi. Inapokea maelfu ya kanuni za Umoja, inalipa, na haina kura zinapopitishwa. Na kujitoa kwenyewe si lazima kuwe kwa mpiga kura: Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, Januari 2025 kwa uamuzi wa serikali za kijeshi, bila kura ya maoni.